Kuhamia Tiba kwa Vitendo Ukiwa Mtu Mzima: Mwongozo Kamili kutoka Tanga

Bibi mmoja wa Ngamiani alikaa kwenye mbuzi mbele yangu, akatumia karibu dakika arobaini kukuna upande mmoja wa nazi. Kiharusi kilikuwa kimemwacha na mkono wa kulia mzito kama wa kuazima. Nilichofanya mimi ni kumkalisha karibu na ukuta ili mgongo usimwangushe, nikamwekea ule mkono mgonjwa juu ya nazi, chini ya mkono mzima, nikarudi nyuma. Basi. Binti yake alikuwa mlangoni, kila baada ya dakika mbili anasema, "Mama, nipe nikukunie." Na mimi mwenyewe viganja vilikuwa vinaniwasha. Nazi ile ningeimaliza kabla ya chai kupoa.

Naanza na bibi huyu kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza: kaka, nimechoka na kazi yangu, hii tiba kwa vitendo naiweza? Wengi wanauliza mshahara na miaka ya chuo, na nitayajibu yote. Lakini swali la kwanza ni kama unaweza kusimama pembeni, mikono imetulia, mwenzako akifanya polepole jambo ambalo wewe unaliweza kwa dakika moja. Kama hilo linakukera, vyeti vyako vyote havitakusaidia.

Mimi sikuanzia huku. Nilikuwa karani wa ghala hapa mjini Tanga kwa miaka tisa, nahesabu magunia na kugombana na madereva. Nilifika kwenye fani hii nikiwa na mke, watoto wawili na F ya Kemia.

Kwanza, ujue kazi yenyewe

Majina ni mengi. Wako wanaosema tiba kwa vitendo, wako wanaosema tiba kazi, na wodini utasikia tu "OT". Watu wengi wanatuchanganya na wenzetu wa fiziotherapia. Kwa kifupi, wa fiziotherapia anaangalia zaidi mwili unavyojongea: misuli, viungo, kutembea, maumivu. Sisi tunaangalia shughuli ambayo mtu anataka kuirudia: kula, kuoga, kuvaa, kutawadha, kuandika, kushona, kukuna nazi. Mkono unaweza kupona vizuri kwenye mazoezi na bado mwenyewe akalishwa na mjukuu, kwa sababu hakuna aliyekaa naye kwenye mkeka na sahani ya wali.

Wagonjwa wetu ni hawa: waliopata kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo au usonji, walioumia mikono kazini na barabarani, walioungua moto, wenye maradhi ya akili, na wazee. Ukitaka kuona kwamba fani hii si ya jana mkoani kwetu, panda Usambara mpaka Lutindi, wilayani Korogwe. Pale wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na kuanzia 1904 kikawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili. Hadi leo kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya matibabu yake.

Kuna ujuzi mmoja ndani ya fani ambao ndio moyo wake: kuichambua shughuli. Chukua hiyo hiyo nazi. Kukuna kunataka mtu akae bila kuyumba, miguu imepanuka, kiuno kinamudu kuinama. Kunataka mikono miwili inayobana kitu cha mviringo, kifundo kinachozunguka, bega linalosukuma kwa nguvu ya kiasi. Kunataka jicho linaloona nyama imebaki wapi. Na kunataka akili ya kujua wakati wa kuacha, maana ukipitiliza unakuna mpaka kifuu na tui linaingia weusi. Sasa mgonjwa wako anakwama wapi kati ya hayo? Bibi wa Ngamiani alikwama kwenye kukaa, mkono ulifuata baadaye. Ningeanza na vidole vyake ningepoteza wiki tatu.

Jaribu leo jioni na shughuli yoyote ya nyumbani kwako: kufunga khanga, kumenya muhogo, kufungua kufuli la nje. Iandike vipande vipande. Kama umefurahia kuandika, hiyo ni dalili njema.

Pili, kaa karibu na kazi kabla ya kuacha ya kwako

Hapa ndipo ningependa usiharakishe. Sisi Watanga tunajisifu kwa "waja leo, waondoka leo", lakini fani hii si ya kuja leo na kuondoka leo.

Andika barua fupi kwa mganga mfawidhi wa hospitali iliyo karibu nawe, uombe kushuhudia kazi kwa siku chache katika kitengo cha utengamao, yaani kinachowarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao. Ukiwa mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza. Eleza wewe ni nani, kwa nini unataka, na kwamba utatunza siri za wagonjwa. Peleka mwenyewe kwa mkono. Barua ya simu inasahaulika, na mtu aliyesimama mbele ya meza hasahauliki haraka. Tanga pia kuna YDCP, mradi wa muda mrefu unaofuata watu wenye ulemavu majumbani mwao, na kazi ya namna hiyo inakufundisha mengi kuliko wodi, kwa sababu nyumbani ndiko kulikochimbwa choo cha kuchuchumaa na ndiko kwenye kizingiti kirefu.

Mimi niliomba kwenda kila Jumamosi, kwa miezi minne. Jumamosi ya pili nilitaka kuacha. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne, mtindio wa ubongo, mama yake anamlisha uji akiwa amelala chali mapajani. Mtaalamu hakumkemea. Alimwomba mama amwinue mtoto akae wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kitokee chini usawa wa kidevu badala ya juu, na asubiri ameze kabla ya kijiko kingine. Kijiko kimoja, kusubiri. Kijiko kimoja, kusubiri. Uji ulipoa. Mimi nilitoka nje nikavuta pumzi, kwa kweli sikuweza kuvumilia. Wiki iliyofuata mama alirudi akasema kikohozi cha usiku kimepungua. Nikaona basi, nitajifunza kusubiri.

Ukiwa pale, jiulize mambo haya na uyajibu kwa ukweli: harufu za wodini unazimudu? Kumsaidia mtu mzima chooni unaweza, bila uso wako kumwaibisha? Ukiambiwa na dada wa mgonjwa kwamba unamtesa ndugu yake, utajibu kwa adabu?

Tatu, fungua bahasha ya vyeti

Njia ni mbili kubwa. Stashahada ni miaka mitatu, na kwa kawaida inadai cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa kuanzia D katika Biolojia, Kemia na Fizikia, pamoja na somo jingine lisilo la dini. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea uzito. Shahada ni miaka minne, na inadai Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, au stashahada ya fani husika yenye GPA nzuri. Kila mwaka mwongozo mpya hutoka, wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa stashahada, na wa TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa shahada. Usiamini picha ya mwongozo wa miaka mitatu iliyopita unayotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Pakua wa mwaka huu, usome ukurasa wa kozi yako neno kwa neno.

Kama somo moja limekuangusha, kama lilivyoniangusha mimi, unarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA. Usajili huanza mapema mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba, matokeo hutoka mwaka unaofuata. Ambaye hakusoma kidato cha nne kabisa hupitia Mtihani wa Maarifa, QT, kwanza. Kabla ya kulipa kituo, uliza swali moja: mtihani wa Kemia wa vitendo mnaufanyia wapi, na mtatufundisha? Kituo cha kwanza nilichokwenda hakikuwa hata na kibomba kimoja cha kupimia asidi. Nikaondoka.

Nilisoma Kemia alfajiri, kabla ya ghala kufunguliwa, kwa mwaka mzima. Niliketi chumba cha mtihani na vijana ambao wangeweza kuwa wadogo zangu wa mwisho, mmoja akaniamkia shikamoo akidhani mimi ni msimamizi. Nikamwitikia marahaba, tukaendelea. Nilipata D. Siku ile niliibusu.

Nne, piga hesabu ya umri

Hakuna anayekuambia hili mapema. Matangazo ya ajira za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira huweka sharti kwamba mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye kazini serikalini tayari. Sasa hesabu na mimi. Una miaka 36 na unarudia somo moja. Mtihani Novemba, matokeo mwaka unaofuata, maombi katikati ya mwaka huo, chuo kinaanza ukiwa na 37. Ukimaliza una 40. Usajili na kusubiri tangazo la nafasi, 41 au 42. Nafasi bado unayo, ila si pana. Ukiwa na 41 leo na vyeti havijatimia, panga kwa ajili ya hospitali binafsi, za dini, mashirika na kazi ya kujitegemea, na usijidanganye kuhusu serikali.

Kama wewe ni mwalimu au mtumishi mwingine wa umma, habari yako ni tofauti na kwa kiasi fulani ni nzuri. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuondoka, upate jibu kwa maandishi, na ujue kwamba ukirudi utaomba kubadilishiwa kada. Ukienda kimyakimya ukidhani utaeleza baadaye, utaitwa mtoro, na cheti kipya hakitakuokoa. Muulize ofisa utumishi wako mshahara utakaaje baada ya kubadilishwa. Wengine wanaanzia ngazi ya chini ya kada mpya, na ni bora uyajue hayo mezani kwake kuliko kwenye hati ya malipo.

Tano, fedha, na mwenzako nyumbani

Ada utaiona kwenye mwongozo. Inayowaangusha watu wazima siyo ada. Ni ile nyumba inayoendelea kula huku mapato yamesimama. Chukua daftari, andika matumizi ya nyumbani ya mwezi, zidisha kwa 36, kisha ongeza ada, chumba, chakula, sare, vitabu, nauli za likizo, bima ya mwanafunzi ya NHIF ambayo kwa muda mrefu imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka, na fedha za fildi. Fildi ndiyo inayosahaulika: unapangiwa hospitali ya mkoa mwingine wiki kadhaa, na unalipia pa kulala mara mbili, kule na chuoni.

Mkopo wa Bodi, HESLB, siku hizi unagusa hata stashahada za baadhi ya fani za kipaumbele, zikiwemo za afya. Ulianza mwaka wa masomo 2023/24. Lakini soma vigezo kwa makini. Vimekuwa vikigusa umri wa mwombaji na mwaka aliohitimu, na vinataka asiwe na kipato cha ajira rasmi. Mtu wa kazi ya pili mara nyingi anakwama hapo. Kama unaomba, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, siyo wiki ya mwisho mtandao ukiwa umeelemewa.

Mimi niliuza pikipiki, mke wangu akaongeza biashara yake ya maandazi na mikate ya kumimina, na shemeji yangu akachukua jukumu la mtoto mkubwa. Hayo yalikubaliwa kwenye kikao cha watu sita, sebuleni, kabla sijagusa fomu yoyote. Usimtaarifu mwenzako. Mshauriane. Wanawake walioniuliza wengi wao kikwazo ni hicho, na wenye mtoto mchanga nawaambia waziwazi: wiki za fildi ni ngumu zaidi kuliko mitihani.

Sita, kuomba chuo bila kuibiwa

Kwa stashahada, jina la kwanza utakalolisikia ni KCMC, Moshi, chuo ambacho kimefundisha wataalamu wetu wengi. Kwa shahada angalia mwongozo wa TCU, hasa vyuo vikuu vya afya vya Moshi na Dar es Salaam. Maombi ya stashahada za afya hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, na dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka.

Mimi sikusubiri dirisha. Nilikutana na wakala, kijana mwenye tai na kompyuta mpakato, akaniambia kuna chuo kipya kina kozi hii na yeye ana "kiti" kimoja. Nikampa fedha za usajili na za kushikilia nafasi. Nilipokuja kutafuta kozi ile kwenye orodha ya NACTVET, chuo kilikuwepo, kozi haikuwepo. Simu yake ikaanza kuita bila kupokelewa, mwisho haikuita kabisa. Kwa hiyo: chuo kuwa na usajili hakutoshi, kozi yenyewe lazima iwe imeidhinishwa. Angalia vyote viwili wewe mwenyewe, na lipa kwa namba ya malipo ya taasisi tu.

Kama una ndoto ya kufanya kazi nje, uliza pia kama programu inatambuliwa na shirikisho la dunia la fani yetu, WFOT, lililoanzishwa 1952. Kiwango chao ni angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi. Hata hivyo kila nchi ina mlango wake: Uingereza lazima usajiliwe na HCPC, baraza lao la wataalamu wa afya, na Marekani kuingia kazini kunadai shahada ya uzamili au ya juu zaidi pamoja na mtihani wa NBCOT. Stashahada peke yake haikuvushi huko.

Saba, darasani

Anatomia itakutesa mwaka wa kwanza. Mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na mwalimu atataka yote, pamoja na misuli na neva zake. Nilijifunza kwa kuchora kwa kalamu kwenye mkono wangu mwenyewe, nikipanda basi la Moshi na kushuka nimechafuka mpaka kiwiko. Abiria wa jirani alihama kiti pale Segera.

Lakini mtu mzima ana mtaji. Fundi cherehani anashika haraka kuliko kijana yeyote utengenezaji wa splinti, kile kifaa cha kushikilia kiungo kikae sawa, maana amezoea kukata patani ya mwili wa mtu. Mwalimu anajua kugawa somo gumu. Seremala atatengeneza kiti cha mtoto asiyeweza kukaa, awe na mbao au hata karatasi na maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi uliokuzwa Zimbabwe. Hata karani wa ghala ana chake: naandika kumbukumbu za mgonjwa ambazo mwingine anaweza kuzisoma.

Na usione haya kuwa umetoka kwingine. Machi 1917, waliokutana Clifton Springs, jimbo la New York, kuunda chama cha kwanza cha fani hii Marekani, karibu wote walitoka kwingine. George Edward Barton alikuwa mchoraji ramani za majengo. Aliugua kifua kikuu, baadaye akapooza upande wa kushoto, na alijirudisha kwa kazi za mikono na bustani. Thomas Kidner naye alikuwa mchoraji wa majengo. Susan Cox Johnson alikuwa mwalimu wa ufundi. Eleanor Clarke Slagle aliingilia mlango wa ustawi wa jamii.

Nane, leseni na miezi ya mwanzo

Ukimaliza, usimguse mgonjwa kwa jina la utaalamu kabla ya usajili. Fani za afya shirikishi ziko chini ya sheria ya mwaka 2017 pamoja na madaktari, na usajili hufanywa Baraza la Madaktari Tanganyika. Jiunge pia na TOTA, chama chetu. Nafasi nyingi, na wazee wa kukushauri, utazisikia huko kabla ya matangazo.

Nafasi hazijajaa mitaani. Hospitali nyingine haijawahi kuwa na mtu wetu, na utaanza kwa kumweleza daktari kazi yako kabla hajakuletea mgonjwa. Usilalamike. Chukua mgonjwa mmoja wa kiharusi wodini, mfundishe kuvaa shati: mkono mgonjwa unaingia kwanza, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Wafundishe ndugu zake wasimwinue kwa kumvuta ule mkono, maana bega lililolegea huchomoka. Daktari akipita raundi akamkuta mzee amevaa mwenyewe, na vifungo vimekaa sawa, kesho utaletewa wawili.

Vifaa visikuzuie. Plastiki ya splinti inayolainika kwenye maji ya moto ni ghali na mara nyingi haipo. Begi langu lina mkasi, mkanda wa kupimia, vipande vya khanga kuukuu, vijiko vitatu, bomba la plastiki la kukunjwa kwa moto, na mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira ule nikiuzungusha kwenye mpini wa kijiko, unanenepa mpaka kiganja kisichofumba vizuri kinaushika. Tanga hatukosi baiskeli. Fundi wa Barabara ya Nane ananiwekea mipira iliyochakaa kwenye ndoo, na kila Ijumaa nikipita anauliza kama yule bibi bado anakuna nazi. Anakuna. Siku hizi ni upande mzima kwa robo saa, na binti yake amenunua mbuzi ya pili.